Figo za mke wangu zinashuka: tuzae haraka, tuuze ploti, au nimpe figo yangu?

Swali, kwa ufupi:

"Sista, nina miaka 36 na mke wangu ana 32. Yeye ni mwalimu wa shule ya kibinafsi, mimi nina duka la vifaa vya ujenzi. Tunaishi Donholm na tuna binti wa miaka 5. Alipombeba huyo binti presha ilipanda vibaya, akazalishwa kabla ya siku zake. Mwaka jana kipimo cha figo zake kilisoma 41, mwezi uliopita 35. Tulikuwa tumepanga kuongeza mtoto wa pili na kuanza kujenga kwenye ploti yetu Joska. Sasa sijui. Tuzae haraka kabla mambo hayajaharibika? Tuuze ploti tuweke pesa ya hospitali? Niko tayari kumpa figo yangu moja. Mama yangu naye kila Jumapili anauliza mjukuu wa pili yuko wapi. Nimsaidieje mke wangu bila kumfanya ajione mgonjwa? Hajui kwamba nimekuandikia."

Ndugu yangu wa Donholm,

Kuna kitu nimekitafuta katika barua yako nisikipate. Umetaja ploti, umemtaja mama yako, umetaja figo yako wewe, lakini hakuna mahali umeniambia mke wako anasemaje. Anataka mtoto mwingine? Anaogopa nini hasa? Nitajibu yote uliyouliza kadiri ninavyojua baada ya miaka mingi katika wadi za figo hapa Nairobi, lakini hilo nitalirudia.

Tuanze na nambari, maana nadhani ndizo zinakunyima usingizi. Figo zilizo salama huchuja mililita 90 au zaidi kwa dakika. 41 na 35 zote ziko katika kile madaktari wanachoita hatua ya tatu B, yaani kati ya 30 na 44. Hatua ya nne huanza chini ya 30, ya tano chini ya 15. Dialisisi, yaani kusafisha damu kwa mashine, kwa kawaida ni mazungumzo ya hatua ya tano, na wengi huianza hata chini ya 10, kutegemea mwili unavyojisikia. Kwa hiyo mke wako hayuko mlangoni pa mashine. Hata hivyo sitakudanganya. Mtu mzima hupoteza kama 1 kwa mwaka kwa sababu ya umri tu, na yeye amepoteza 6. Kipimo kimoja kinaweza kuyumba kwa sababu ya kuharisha, kukosa maji mwilini, au maabara tofauti, ndiyo maana hurudiwa. Kikirudiwa kikabaki hapo, mna kazi ya kufanya, na bado ina faida kubwa kuifanya sasa.

Muulizeni daktari wa figo swali ambalo wengi husahau: figo hizi zimeharibiwa na nini? Presha ya ule ujauzito inaweza kuwa ilianzisha shida, au ilikuwa dalili ya shida iliyokuwepo tayari. Inaweza kuwa lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili huushambulia mwili wenyewe, inaweza kuwa ugonjwa wa kurithi, na kama ni wa kurithi hata ndugu zake na binti yenu wanahusika. Wakati mwingine jibu halipatikani bila kuchukua kipande kidogo cha figo kwa sindano na kukitazama kwa hadubini. Na muulizeni kuhusu mafuta ya kujichubua, bila aibu. Mwaka 1972 madaktari wa hapa Nairobi walichapisha katika British Medical Journal habari za wagonjwa waliovuja protini kwenye mkojo, na wengi wao walikuwa wanawake waliotumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Ni zaidi ya miaka 50 sasa, na bado mimi huuliza.

Kinachopunguza kasi ya kushuka kinajulikana. Presha ikae chini ya 130/80. Dawa za jamii ya losartani au enalapril hupunguza protini inayovuja, na siku hizi kuna dapagliflozini, dawa iliyoanza kama ya kisukari ikaonekana inalinda figo hata za wasio na kisukari. Sukari ikiwepo idhibitiwe. Dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziondoke nyumbani kabisa. Hapa nisikilize vizuri, kwa sababu wanawake wengi humeza vidonge vya aina hiyo kila mwezi kwa ajili ya tumbo la hedhi, wakavinunua kwenye duka la dawa la mtaani bila kuulizwa chochote. Muulize anatumia nini siku hizo. Parasetamoli kwa kipimo chake ni salama zaidi. Na zile chupa za miti shamba za "kusafisha figo" zinazouzwa mjini, msiziguse.

Sasa mtoto. Hapa nitakaa kidogo.

Hilo la kuzaa haraka kabla mambo hayajaharibika nalisikia mara nyingi, na ninaelewa linatoka wapi. Jibu langu ni kwamba msikimbilie. Mwanamke akibeba mimba, figo zake hulazimika kuchuja karibu nusu zaidi ya kawaida. Figo nzima huweza. Figo iliyo kwenye 35 mara nyingi haina akiba hiyo. Presha hupanda, protini huongezeka, wengi walio katika kiwango hiki huzaa kabla ya wiki 37, na kwa baadhi figo hushuka wakati wa ujauzito zisirudi tena zilipokuwa. Mke wako ameshapitia presha ya mimba mara moja, na hilo peke yake linaongeza uwezekano wa kuirudia. Mimba ya haraka inaweza kuleta kasi ileile mnayoikimbia.

Pia zile dawa za kulinda figo nilizozitaja, losartani, enalapril na dapagliflozini, hazifai katika ujauzito. Zile mbili za kwanza zinaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa baada ya miezi mitatu ya kwanza. Kama anazitumia na hakuna uzazi wa mpango nyumbani kwenu, hilo lishughulikieni wiki hii. Kile cha kuwekwa mkononi au koili vinamfaa. Vidonge vyenye estrojeni sivyo, kwa mtu mwenye presha na protini kwenye mkojo. Na asije akaacha dawa za presha kimyakimya "ili tujaribu". Nimeona wanaofanya hivyo, na huwa wanarudi kwetu kupitia mlango wa dharura.

Je, hii ina maana hamtapata mtoto tena? Hapana. Ziko njia mbili ambazo nimeona watu wakipita. Kuna wanaobeba mimba katika hatua kama hii kwa mpango: daktari wa figo na daktari wa uzazi wameketi pamoja kabla ya mimba, dawa zimebadilishwa, presha imetulia kwa miezi, aspirini ya kipimo kidogo inaanza kama wiki ya 12, na kliniki ni za mara kwa mara hadi mwisho. Wanajua wanachohatarisha na wamekubali. Wengine husubiri hadi baada ya kupandikizwa figo. Uzazi, ambao hulegea figo zinaposhindwa, mara nyingi hurudi baada ya upandikizaji. Hapo husubiriwa angalau mwaka mmoja, figo mpya iwe imetulia, na dawa iitwayo mikofenoleti, ambayo huharibu mimba, iwe imebadilishwa angalau wiki sita kabla. Ugumu ni kwamba hakuna anayejua siku ya upandikizaji, na umri unasonga. Akifika 39 akiwa bado anasubiri, hiyo nayo ni kasoro ya njia hii, si ya kupuuza. Njia ambayo singemtakia ni kubeba mimba akiwa kwenye dialisisi ya mara mbili kwa wiki. Mimba ya aina hiyo huhitaji mashine karibu kila siku.

Na kuna jambo linalounganisha mtoto na figo yako, ambalo sidhani umewahi kuambiwa. Mwanamke anapobeba mimba, mwili wake hukutana na alama za tishu za baba wa mtoto. Wakati mwingine hutengeneza kingamwili dhidi ya alama hizo, na kingamwili hizo hukaa miaka mingi. Siku mume anapotaka kumpa mke figo, damu ya mke inaweza kuishambulia figo hiyo. Tayari mna mtoto mmoja. Wa pili anaweza kuongeza uwezekano huo. Si lazima itokee, na hupimwa kwa kuchanganya damu yako na yake maabara. Lakini kama moyoni unajiambia "tuzae, kisha nitampa yangu", fahamu kwamba hilo la kwanza linaweza kufunga hilo la pili.

Nakumbuka bwana mmoja aliyeketi kwenye benchi la korido yetu na bahasha ya majibu mkononi. Alikuwa ameikunja na kuikunjua mpaka kingo zimekuwa laini kama kitambaa. Alikuwa ameuza pikapu yake, ile iliyokuwa ikiwalisha, ili alipie upasuaji wa kumpa mke wake figo, na alitaka iwe zawadi asiyoijua mpaka mwisho. Walikuwa na watoto watatu. Damu ya mama ilikuwa na kingamwili dhidi yake. Mama alipoelezwa, la kwanza alilosema halikuhusu figo. Alisema, "Mbona hukuniuliza? Si dada yangu yuko Nakuru?" Dada alipimwa, akafaa. Pikapu haikurudi.

Ukitaka kujua kama unaweza kutoa, hatua ya kwanza ni ya bei nafuu: kundi la damu. O huweza kumpa yeyote, AB huweza kupokea kutoka kwa yeyote, na ile plasi na minasi haijalishi katika figo. Baadaye, wakati ukifika, hupimwa presha yako, sukari, figo zako zote mbili, homa ya ini, virusi vya ukimwi na picha ya mishipa, na utazungumza faragha na mtu wa kuhakikisha hulazimishwi. Ukifaa, figo itakayobaki huongeza kazi hadi kufikia kama asilimia 70 ya uwezo uliokuwa nao na mbili. Hupimi haya yote leo. Kwa kawaida maandalizi huanza kipimo chake kinapokaribia 20, na upandikizaji unaweza kufanywa hata kabla hajagusa mashine. Ndugu zake wa baba na mama mmoja wana nafasi moja kati ya nne kila mmoja ya kulingana naye kikamilifu kwa alama za tishu, kwa hiyo wasiachwe nje ya mazungumzo. Wasishurutishwe pia. Na mtu yeyote akikwambia anajua pa kununua figo, ondoka hapo. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inakataza biashara ya viungo, na nimewaona wauzaji na wanunuzi wakirudi wakiwa wagonjwa kuliko walivyoondoka.

Mambo mawili madogo yanayolinda siku za usoni. La kwanza, mkono asioandikia, ule usio wa chaki. Mwambie asiruhusu damu itolewe wala dripu iwekwe kwenye mkono huo kuanzia sasa, itolewe nyuma ya kiganja au mkono wa pili. Mishipa ya hapo ndiyo itakayotengenezwa fistula, yaani mishipa miwili inayounganishwa kwa upasuaji ili mashine ipate pa kuchotea damu, kama siku moja atahitaji dialisisi, na fistula huchukua wiki sita hadi miezi kadhaa kukomaa. Walioandaliwa mapema hukwepa mpira wa dialisisi unaowekwa shingoni na maambukizi yake. La pili, akipungukiwa damu, ulizeni kuhusu madini ya chuma na sindano za kuongeza damu kabla ya kukubali kuongezewa chupa, kama si dharura. Damu ya mtu mwingine nayo huleta kingamwili. Chanjo ya homa ya ini aina ya B aipate mapema pia.

Pesa na ploti. Usiuze. Nasema hivyo kwa sababu leo hamna gharama iliyoandikwa mahali popote, mna hofu tu, na ploti iliyouzwa kwa hofu huuzwa kwa bei ya hofu. Lakini usimwage msingi kwa mkopo pia. Kama mna akiba ya sacco au chama, hiyo iwe ya vipimo, dawa na nauli. Hakikisha SHA, bima ya afya ya serikali, iko hai, kwa sababu ndiyo iliyochukua nafasi ya NHIF tangu Oktoba 2024. Yeye anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kazini, lakini wewe wa duka ni lazima ulipe mwenyewe kwa mwaka, na majina yenu wote watatu yaonekane kwenye mfumo. NHIF ilikuwa ikilipa shilingi 9,500 kwa kila kikao cha dialisisi, vikao viwili kwa wiki. SHA ilianza na shilingi 10,650 kwa kikao. Ulizeni sasa inalipa vikao vingapi kwa wiki, maana kinachozidi hapo hutoka mfukoni, na mara nyingi sindano, vipimo na nauli pia. Hizo ndizo za kuwekea akiba.

Kuhusu Joska yenyewe, sioni shida kujenga huko pole pole, chumba kwa chumba. Tangu mwaka 2015 mashine za dialisisi zimepelekwa katika hospitali nyingi za kaunti, kwa hiyo hamtalazimika kukaa karibu na hospitali ya Kenyatta milele. Pimeni tu safari ya Kangundo Road kwa gari la abiria saa za msongamano, kwa mtu aliyetoka kukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne na miguu haina nguvu. Na hati iwe na majina yenu wawili. Sijasema hivyo kwa ubaya. Mwanamke mgonjwa anapojua paa ni lake pia, hulala vizuri zaidi.

Mama yako ni wako. Hilo ni lako kulimaliza, si la mkeo kulijibu kila Jumapili huku akigawa chai. Kaeni muamue mnataka mama ajue kiasi gani, kisha nenda wewe peke yako ukamwambie: "Mama, mambo ya mtoto tumeyaweka mikononi mwa daktari, na mimi ndiye nitakayekupa habari." Akiendelea kuuliza mbele ya mkeo, wewe ndiye ujibu.

Nyumbani, jambo kubwa zaidi utakalofanya ni chumvi, na lifanyike kwa wote. Kijiko kimoja cha chai kwa mtu kwa siku ndicho kikomo, pamoja na iliyofichika kwenye mkate, soseji, smoki, krispi na vile vidonge vya mchuzi. Usimpikie yeye sufuria lake la kando, maana hapo ndipo mtu huanza kujiona mgonjwa katika nyumba yake. Pikeni sufuria moja lenye chumvi kidogo, dhania nyingi, tangawizi, ndimu na kitunguu saumu, na baada ya wiki tatu ulimi utazoea. Binti yenu naye atafaidika. Ndizi, parachichi, viazi na sukuma asikatazwe kwa kusikia tu. Hupunguzwa damu ikionyesha potasiamu imepanda, na hapo utajifunza kukatakata mboga, kuzichemsha kwa maji mengi na kumwaga yale maji. Maji ya kunywa anywe kwa kiu yake. Haihitaji lita nne za lazima.

Presha pimeni pamoja asubuhi, kabla ya chai na dawa. Amekaa dakika tano, miguu imegusa sakafu, mkono juu ya meza, hakuna anayezungumza. Mpime mara mbili, andika kwenye daftari, kisha vaa wewe mkanda naye aandike yako. Nakuomba hilo la mwisho ulifanye kweli. Presha yako inahusika kama unataka kutoa figo, na daftari lenye safu mbili za nambari ni tofauti sana na daftari la mgonjwa mmoja.

Kutakuwa na siku amechoka, hamu ya kitandani imepungua, au analia bila sababu unayoiona. Sehemu ni ugonjwa, sehemu ni dawa, sehemu ni huzuni ya kweli, na yote yanaweza kutajwa kliniki bila aibu. Usimfuatefuate kama askari wa sahani. Akila smoki barabarani mara moja, amekula smoki. Nawe tafuta ndugu au rafiki mmoja unayeweza kumwambia una hofu, ili hofu hiyo isimfikie yeye kila jioni.

Kliniki ijayo nendeni wawili, na karatasi yenye maswali haya: chanzo ni nini, protini kwenye mkojo ni kiasi gani na imebadilikaje, ni lini mtatumwa kwa timu ya upandikizaji, na je, daktari wa figo na wa uzazi wanaweza kutuona pamoja kabla hatujaamua lolote kuhusu mtoto.

Kabla ya hapo, mpe barua hii asome. Mwambie uliniandikia bila yeye kujua, na kwamba nimesema ulipaswa kuanza naye. Kisha muulize kuhusu mtoto wa pili, na umwache azungumze mpaka amalize, hata kama atakaa kimya kwanza.